Visikizi vya michezo vipimwe kwa sikio la mwanafunzi

Ukiingia katika duka la vifaa vya umeme kwenye barabara ya Luthuli jijini Nairobi na kuulizia visikizi vya kuchezea michezo ya kompyuta, swali la kwanza utakaloulizwa ni una kiasi gani. La pili ni unapenda rangi gani. Sijapata kusikia muuzaji akimwuliza mnunuzi atakayevivaa ana umri gani, ilhali hilo, kwa maoni yangu, ndilo swali ambalo lingetangulia mengine yote. Visikizi hivi, ambavyo vijana huviita hedifoni, havikai mezani kama redio wala ukutani kama saa. Hukaa sentimita chache tu kutoka kwenye ngoma ya sikio, saa nenda saa rudi, na mwenye kuvivaa aghalabu ni mtoto wa shule.

Naandika haya kwa sababu walimu na wazazi huuliza swali lilo hilo kila shule zikaribiapo kufungwa. Je, kuna visikizi visivyo na waya, vya bei ya wastani, ambavyo mwanafunzi anaweza kuvitumia kwa mchezo na kwa masomo pia? Tangu Machi 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona na masomo yakahamia kwenye simu na kompyuta kwa wale waliokuwa nazo, kifaa hiki kimetoka katika orodha ya vichezeo kikaingia katika orodha ya vifaa vya kusomea. Mzazi hukinunua akiwa na hisabati akilini, mwana hukipokea akiwa na kandanda moyoni. Simlaumu yeyote kati yao. Michezo ya kompyuta si uhuni, na mwalimu aiitaye uhuni huwa amejifungia mlango wa kuzungumza na wanafunzi wake. Ninalotaka ni kwamba tukiamua kununua, tununue kwa vipimo vyetu wenyewe wala si kwa vile vilivyochapishwa kwenye kisanduku.

Ili tusizungumze hewani, nitachukua mfano mmoja. Mwaka 2021 kampuni ya Logitech ya Uswisi ilitoa visikizi inavyoviita G435. Bei yake huko Marekani vilipotoka ilikuwa dola 79.99. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hizo ni kama shilingi 10,300 kabla ya ushuru, usafirishaji na faida ya muuzaji. Hiyo ni karibu nusu ya mgao wa shilingi 22,244 ambao serikali yetu ilimtengea mwanafunzi wa shule ya upili ya kutwa kwa mwaka mzima ilipoupandisha mwaka 2018. Nataja ulinganisho huu ili neno hilo "wastani" lisituhadae. Katika soko la dunia, ambamo mna visikizi vya dola 30 na vingine vya zaidi ya dola 300, bei hiyo ni ya kati, hata chini kidogo ya kati. Katika nyumba ya mzazi wa kawaida wa Kakamega au Kilifi, ni jambo la kukaa kitako na kushauriana.

Je, mtu hupata nini kwa fedha hizo? Kwanza hupata wepesi. G435 ina uzani wa gramu 165, ilhali visikizi vingi vya aina hii hufika gramu 300. Anayedhani tofauti hiyo ni ndogo na avae kofia nzito kwa saa mbili mfululizo, kisha aulizwe habari za shingo yake. Pili, hupata njia mbili za kupokea sauti: kidude kidogo cha kuchomeka katika tundu la USB la kompyuta au PlayStation, na ile njia ya Bluetooth ambayo simu zote za siku hizi zinayo. Kidude hicho hakifanyi kazi na Xbox, na mwenye mashine hiyo asijisumbue. Betri, kwa mujibu wa kampuni, hudumu saa 18 kabla ya kuchajiwa tena.

Hizo njia mbili si sawa, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokanganyikiwa. Bluetooth huikunja sauti, huirusha, kisha huikunjua upande wa pili, na kazi hiyo yote hula muda. Kwa njia yake ya kawaida sauti huchelewa kati ya sekunde 0.15 na 0.25. Kwa muziki haidhuru. Kwa filamu pia haidhuru, kwani programu inaweza kuichelewesha picha kidogo ili viende sambamba. Lakini katika mchezo haiwezekani kabisa, maana hakuna programu iwezayo kuchelewesha picha ya jambo ambalo mchezaji mwenyewe hajalitenda. Msomaji anayeona kwamba moja ya tano ya sekunde si kitu na amkumbuke mwanariadha wetu Ferdinand Omanyala, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani mnamo Septemba 2021. Kwa kasi hiyo, katika moja ya tano ya sekunde huwa ameshakata mita mbili nzima! Kidude cha USB, kwa kuwa kina lugha yake ya faragha na visikizi vyake, hupunguza ucheleweshaji huo hadi sehemu chache za mia za sekunde, ambazo mchezaji wa kawaida hazihisi.

Maana yake ni kwamba mwanafunzi achezaye kwa simu, na nawajua wengi, hulipia jambo ambalo hatalipata. Tundu la kidude halimo katika simu yake, hivyo atabaki na Bluetooth na ucheleweshaji wake. Ikiwa simu hiyo bado ina tundu la waya, visikizi vya waya vya shilingi elfu moja na mia tano vitamhudumia kwa mchezo kuliko hivi vya elfu kumi. Muuzaji hawezi kukwambia hivyo. Mimi siuzi chochote.

Tukirudi kwenye kisanduku, tutakuta maandishi mengi ya kujivunia ambayo mengi yake ni mapambo. Utaelezwa kwamba visikizi hutoa sauti kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000. Huo ndio upeo unaotajwa kuwa wa sikio la binadamu mchanga mwenye afya, na karibu kila kisanduku huuandika, cha bei ya juu na cha bei ya chini. Hausemi lolote juu ya namna sauti hizo zinavyolingana. Mwalimu aliyevuka miaka hamsini yamkini hazisikii tena zile za juu kabisa, na hilo halimzuii kufundisha muziki. Vingine huandikwa "7.1", kana kwamba ndani yake mna spika nane, ilhali aghalabu mna mbili tu, moja kwa kila sikio, na mahesabu yaliyobaki hufanywa na programu. Wala mbili zinatosha. Mwenyezi Mungu ametupa masikio mawili, na ubongo hupambanua upande sauti inakotokea kwa kupima tofauti isiyofika hata elfu moja ya sekunde kati ya sikio la kulia na la kushoto.

Kipaza sauti kinastahili neno. (Jina lenyewe lina kasoro, kwani kidude hiki hakipazi chochote, hunasa tu, lakini limeshazoeleka.) Visikizi vingi vya michezo huwa na mkono mdogo unaokileta kipaza sauti karibu na mdomo. G435 haina mkono huo. Ina vipaza sauti viwili vilivyofichwa kwenye kikombe cha sikio. Kwa sura ni jambo la kupendeza, na mkono usiokuwapo hauvunjiki. Lakini kanuni ya sauti haibembelezwi: kipaza sauti kikiwa mbali na mdomo husikia zaidi mambo yasiyomhusu msemaji. Mwanafunzi mwenye chumba chake tulivu hatapata taabu. Anayesomea sebuleni, pamoja na wadogo zake, televisheni na jogoo wa jirani, atamfanya mwalimu wake asikie kaya nzima. Nayo Bluetooth huongeza dhiki, kwa maana mara nyingi kipaza sauti kinapowashwa kwa njia hiyo, sauti inayosikika nayo hushuka hadi kuwa kama ya simu za zamani. Mwalimu anayefundisha kwa kompyuta atumie kidude cha USB, wala asikiache nyumbani.

Yote hayo hata hivyo ni mambo ya starehe na fedha. Jambo lililonifanya nichague mfano huu badala ya mingine ni kwamba G435 ina kizuizi cha sauti ambacho mwenyewe akikiwasha, sauti haivuki desibeli 85. Visikizi vingi vya michezo vya watu wazima havina. Naona hili ndilo lingekuwa andiko kubwa kuliko yote kwenye kisanduku, juu ya rangi na juu ya betri.

Hebu tuitazame hiyo 85. Si namba iliyotoka hewani. Ni kiwango ambacho NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, inakipendekeza kuwa ndicho kikomo cha mfanyakazi kwa saa 8 za siku ya kazi. Yaani ni kipimo cha kiwandani, cha mtu mzima, cha mtu anayelipwa mshahara. Shirika la Afya Duniani linapozungumzia kusikiliza kwa burudani lina ukali zaidi: kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na kwa mtoto ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo 40. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda hukatwa nusu. Mwalimu wa hisabati anaweza kuifanya hii kuwa zoezi la darasani: kwa mtoto, desibeli 78 ni saa 20, 81 ni saa 10, 84 ni saa 5, na 85 yenyewe ni takriban saa 4. Saa nne kwa juma! Mwanafunzi achezaye saa mbili kila siku wakati wa likizo huwa amecheza saa 14.

Ni haki kusema kwamba kizuizi ni dari, na mchezo haukai darini muda wote. Kuna kimya, kuna mazungumzo, kuna muziki wa chini. Kwa hiyo mtoto mwenye kizuizi kilichowashwa hatakuwa akipokea desibeli 85 dakika zote. Lakini yule asiye na kizuizi hana dari hata kidogo. Mwaka 2024 jarida la BMJ Public Health lilichapisha mapitio ya tafiti 14 kutoka nchi 9, zilizohusu jumla ya watu 53,833, juu ya michezo ya kompyuta na usikivu. Katika mapitio hayo, milio ya ghafla ndani ya michezo, kama vile ya risasi, ilitajwa kufika hadi desibeli 119, ilhali kikomo kinachopendekezwa kwa mtoto kwa milio ya aina hiyo ni karibu desibeli 100. Watafiti wenyewe walieleza kwamba ushahidi bado ni mchache na unahitaji kuongezwa. Naam, lakini mimi sijui mzazi ambaye angengoja ushahidi ukamilike kwa sikio la mwanawe.

Kwa nini nazungumza kwa mkazo kiasi hiki? Ndani kabisa ya sikio mna kijumba kilichojisokota mfano wa kombe la konokono, na humo zimo seli zenye vinyweleo zipatazo elfu kumi na tano. Hizo ndizo zinazoigeuza mitikisiko ya hewa ikawa habari kwa ubongo. Kelele huziua. Kuku akizipoteza, huota upya. Wanasayansi waliligundua jambo hilo katika miaka ya 1980. Binadamu akizipoteza hazioti tena. Katika jambo hili jogoo wa jirani ametuzidi.

Isitoshe, seli hizo hazifi zote kwa pamoja. Kelele huanza kula eneo la karibu na hezi 4,000, na kwa kuwa hatuzungumzi kwa filimbi, mtu hudhani hajapoteza kitu. Bado anamsikia mama akimwita. Bado anasikia kengele. Asichokisikia sawasawa ni konsonanti nyepesi: f, s, th. Walimu wa Kiswahili watanielewa upesi. Mwanafunzi asomewe imla yenye neno thamani, naye aandike samani. Asomewe futa, aandike suta. Mwalimu achore duara jekundu, aandike pembeni "soma kwa makini", na kumbe makini ilikuwapo tele, masikio ndiyo yaliyopungua. Ni wanafunzi wangapi walioitwa wazembe kwa sababu hiyo siwezi kusema. Lakini mwalimu anayeona makosa ya namna hiyo yakirudiarudia kwa mwanafunzi mmoja, hasa anayekaa nyuma, na ampeleke mbele kwanza, kisha azungumze na mzazi juu ya kupima masikio, kabla ya kuifikia kalamu nyekundu.

Maneno hayo hayo yanafaa kuwa kipimo dukani. Badala ya kusikiliza muziki wa kishindo ambao muuzaji huuweka ili visikizi vionekane vya ajabu, mwambie akuwekee taarifa ya habari ya Kiswahili kutoka kwenye simu yako mwenyewe. Sikiliza kama unapambanua dhamini na thamini. Visikizi vingi vya michezo hukuzwa sauti nzito ili milipuko ivume, na uvumi huo hufunika konsonanti. Mvaaji asiposikia maneno, hupandisha sauti yote, milipuko na maneno pamoja. Kwa hiyo sauti nzito iliyozidi si kasoro ya ladha tu. Humsukuma mtu apandishe. Ndivyo ilivyo pia katika matatu: injini na honi humfanya kijana aongeze sauti hadi abiria wa kiti cha pili aimbe naye.

Najua wanafunzi watakavyonijibu. Watasema kwamba kizuizi huondoa utamu, na kwamba bila sauti kubwa mchezaji hazisikii nyayo za adui anayemnyemelea. Jibu la kwanza silipingi. Utamu ni wa mlaji. La pili si kweli. Nyayo husikika kwa sababu hazifunikwi na sauti nyingine, wala si kwa sababu kila kitu kimepandishwa. Michezo mingi ina ukurasa wa kurekebisha ambapo muziki unaweza kuteremshwa peke yake, na nyayo zikabaki zilipo. Mchezaji hodari hufanya hivyo. Anayepandisha kila kitu huongeza nyayo na kelele inayozifunika kwa kiasi kile kile.

Nikiachana na masikio, kuna ila moja ya G435 ambayo naiona kubwa kwetu kuliko ilivyo kwa Mswisi aliyeibuni: haina tundu la waya wa sauti. Betri ikiisha, umebaki na utepe wa kichwani. Tuliokuwa humu nchini usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipokatika karibu kila pembe ya Kenya, hatuhitaji kukumbushwa kwamba kuchaji si jambo la kutegemewa kila siku. Betri za aina hii pia huzeeka; baada ya miaka michache, saa 18 zitakuwa saa 10 au chini yake, na visikizi hivi havikubuniwa ili mwenyewe aibadilishe betri kwa bisibisi. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni inayotaka kwamba, kuanzia Februari 18, 2027, betri za vifaa vidogo vinavyouzwa huko ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji. Sioni kwa nini wanunuzi wa huku tusidai hivyo hivyo. Visikizi vyenye njia zote mbili, ya waya na isiyo ya waya, vipo katika soko la bei hii au juu yake kidogo, na mzazi anayeweza kuongeza elfu mbili atazame huko kwanza, mradi ahakikishe kizuizi cha sauti kimo.

Basi mwenye kompyuta au PlayStation nyumbani, mwenye chumba tulivu, na mwenye mtoto wa miaka kumi na mitatu au zaidi, sina kinyongo akinunua G435, na bei yake naiona ya haki. Mwenye simu tupu asinunue. Shule inayotaka visikizi vya chumba cha kompyuta isinunue visivyo na waya hata kidogo, kwa maana vidude ishirini vya USB katika chumba kimoja vitapotea kabla muhula haujafika katikati, na betri ishirini zitakuwa kazi ya kudumu ya mtu fulani ambaye hakuajiriwa kwa kazi hiyo. Shule inunue vya waya vyenye kizuizi, na katika barua ya kuagizia iandikwe namba 75, siyo 85, maana watakaovivaa ni watoto.

Anayenunua kwa ajili ya nyumbani, kizuizi kiwashwe hapo hapo dukani kabla ya kulipa. Muuzaji akisema hajui kinavyowashwa, mwombe karatasi ya maelezo iliyomo kisandukuni, muisome pamoja.